Pikipiki ya Ukubwani Milimani: Anza na Kusimama

Kila kijiwe cha bodaboda kati ya Mombo na Mtae, kwenye milima ya Usambara, kina kijana atakayekufundisha kuendesha pikipiki kwa jioni moja, malipo yake petroli ya kuzungukia na soda. Hakudanganyi. Jua halijazama utakuwa umeshajua kupiga kiki, kubana klachi, kukanyaga gia ya kwanza na kuuzunguka uwanja wa shule bila injini kukuzimikia. Utarudi nyumbani umelowa jasho na roho imesuuzika, ukiamini kazi imekwisha. Ulichojifunza ni kuondoka. Kusimama hujafundishwa, maana uwanjani pikipiki iliyo gia ya kwanza hupunguza mwendo yenyewe ukiachia mafuta, na hakuna aliyeona haja ya kulifanya hilo somo.

Leo nazungumza na watu wazima: mwalimu aliyepangiwa shule ambako gari la abiria hufika mara moja kwa siku, muuguzi wa zahanati, mwinjilisti mwenye mitaa iliyotawanyika, mama mwenye shamba la viazi Lukozi na duka Lushoto mjini aliyechoka kuhesabu nauli ya bodaboda. Kijana aliyekulia karibu na pikipiki huanza kwa kuisukuma, halafu kuiosha, halafu kuiiba kidogo baba akiwa msikitini. Akifika miaka 20 mwili wake umeshazoea mambo ambayo hata kuyaeleza hawezi. Mtu wa miaka 40 anaanza na kichwa. Anataka kujua kwa nini. Hiyo ni faida kubwa, ila tu awepo wa kumjibu.

Na wanaoanza ukubwani si wachache. Aprili 2022, pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa kilimo nchi nzima. Jambo jema, na kwa Usambara lilichelewa: afisa mmoja hapa anaweza kuwa na vijiji vilivyo kwenye migongo mitatu tofauti, vinavyoonana kwa macho lakini kwa miguu ni nusu siku. Lakini miongoni mwa watumishi wanaokabidhiwa pikipiki za kazi, za serikali, za kanisa au za mradi, wapo ambao pikipiki hiyo ndiyo chombo chao cha kwanza cha moto. Wanakwenda wapi kujifunza? Kijiweni.

Hapo kuna takwimu ya zamani ambayo bado sijaona ya kuishinda. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza papo hapo barabarani, Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu hawakuwa wamefikisha miezi 5 na pikipiki ile iliyowaangusha. Na kwenye ajali ambazo hakukuwa na chombo kingine chochote, theluthi mbili zilisababishwa na mwendeshaji mwenyewe, kwa kawaida kwa kosa moja kati ya mawili: kukaba breki kupita kiasi hadi tairi likateleza, au kuingia kona kwa mwendo mkubwa na kutokea nje ya barabara. Los Angeles ina barabara pana na pikipiki zenye nguvu mara tano ya hizi zetu. Lakini breki na kona ndiyo mitihani miwili ambayo mlima wa Usambara unamtungia mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Kwa nini rafiki anakuwa mwalimu mbaya? Kwetu jibu lina jina, nalo ni heshima. Nilikuwa pembeni ya uwanja wa shule moja ya kata, jioni, mwalimu wa kike wa sekondari akifundishwa na kijana wa bodaboda ambaye miaka michache nyuma alikuwa mwanafunzi wake. Watoto wamejipanga kwenye kingo wanatazama. Mwalimu anazunguka vizuri, gia ya kwanza, magoti yamebana tanki. Anafika kwenye goli, anakunja usukani kurudi, anashtuka, anabana breki ya mbele vidole vyote vinne. Pikipiki ikalala palepale, mwendo wa mtu anayetembea. Hakuumia. Kijana akakimbia, akaiinua, akafuta nyasi kwenye saiti mira, akasema: “Pole sana mwalimu, nyasi hizo, zina umande.”

Nyasi zilikuwa kavu. Kilichomwangusha ni breki ya mbele kubanwa ghafla usukani ukiwa umekunjwa. Pikipiki yoyote duniani italala ukifanya hivyo, hata kwenye sakafu ya benki. Kijana alilijua hilo kwa mwili wake, lakini ulimi wake usingeweza kumwambia aliyemfundisha Hisabati kwamba amekosea. Akamtafutia lawama ya kuweka kwenye nyasi. Mwalimu naye, kwa kuwa mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, hakuuliza zaidi. Alipanda haraka ili watoto waache kucheka. Na moyoni akajiwekea sheria yake mwenyewe: breki ya mbele ni adui, siigusi tena.

Sheria hiyo wanayo waendeshaji wengi wazima wa milimani, na kila mmoja ana nyasi zake alizoambiwa zina umande. Uwanjani haina madhara. Ubaya wake unaonekana siku ya kushuka.

Usambara shida haijawahi kuwa kupanda. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakivuna mbao Shume waliona hawawezi kuziteremsha kwa njia ya kawaida, wakatandika waya wa kuning'inia kutoka juu hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Kupanda, ukikosa nguvu, unasimama. Kushuka, ukikosa nguvu ya kuzuia, husimami. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina takribani kilomita 33, na ndani ya hizo inapanda karibu mita 1,000. Ukigawanya unapata mteremko wa wastani wa asilimia 3 tu, ndiyo maana inawalaghai wageni: huhisi kwamba unashuka mlima, unahisi pikipiki imekuwa nyepesi leo.

Piga hesabu ya joto. Pikipiki ya kazi na mtu mmoja juu yake ni kama kilo 190. Kuziteremsha kilo hizo mita 1,000 kunatoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji ya bomba. Nishati hiyo lazima iende mahali. Upepo unaoupasua unachukua sehemu yake; injini, ikiwa kwenye gia na mafuta umeyaachia, inachukua sehemu yake; kinachobaki chote kinaingia kwenye breki. Boxer na TVS nyingi za barabara zetu zina breki za ngoma, mbele na nyuma. Ngoma ni kitu kilichofungwa. Joto likiingia halina mlango wa haraka wa kutokea. Ikishaunguzwa kilomita kadhaa mfululizo, unakanyaga pedali inakwenda chini kama kawaida, lakini pikipiki haisikii. Mtu aliyeapa kutogusa breki ya mbele anaichemsha sufuria nzima kwenye ngoma moja ya nyuma.

Tena hiyo ya nyuma ndiyo dhaifu kwenye mteremko. Ukishuka, uzito unahamia mbele. Ukibana breki, unahamia zaidi. Tairi la nyuma linabaki linagusagusa tu ardhi, ukilikaba linafunga na kuanza kukupita ubavuni. Hurt aliliona hilo pia: kwenye hatari, waendeshaji walikaba nyuma hadi wakaburuza tairi, na breki ya mbele, yenye uwezo mkubwa, wakaitumia kidogo au wasiitumie kabisa.

Kwa hiyo dawa ya breki ya mbele ni kuifundisha, na inafundishika kwa mtu wa umri wowote. Tafuta mahali tambarare. Weka jiwe. Njoo gia ya kwanza, usukani umenyooka, pikipiki imesimama wima. Achia mafuta, anza na mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma, halafu vidole viwili kwenye breki ya mbele, ukiongeza taratibu kama unayekamua, kisha klachi mwishoni kabla injini haijazimika. Simama kabla ya jiwe. Rudia mpaka mkono uache kushtuka. Nenda gia ya pili. Sogeza jiwe karibu. Kisha fanya yote hayo kwenye mteremko mdogo, kisha mkubwa kidogo, kisha kwenye kokoto. Hakuna kingine chochote katika mafunzo ya mwanzo chenye thamani ya zoezi hili la kuchosha, na sijawahi kuona kijiwe kinacholifundisha.

Tatizo ni mahali. Kwenye milima hii ardhi tambarare ni mali adimu. Iliyopo imeshakuwa uwanja wa shule, uwanja wa kanisa au gulio, na saa ambayo mtu wa ofisi ana nafasi ndiyo saa ya mpira. Ushauri wangu hauwapendezi watu kwa sababu una nauli ndani yake: shuka Mombo. Siku zako za kwanza zifanyie kwenye viwanja na njia za ndani za tambarare, mbali kabisa na barabara kuu inayopitisha mabasi ya Arusha na Dar es Salaam. Nafuu zaidi kama utapata chuo cha VETA au shule ya udereva iliyosajiliwa yenye mkufunzi wa pikipiki, kwa sababu utahitaji cheti chao mbele ya safari, na pia kwa sababu mkufunzi asiyekujua hana aibu ya kukukemea. Hukumfundisha wewe Hisabati.

Ukiwa na mkono wa breki, rudi mlimani ujifunze gia. Madereva wa malori wana kanuni: teremkia gia ambayo ungeipandia. Kwa pikipiki ya gia nne, sehemu kubwa ya barabara ile ya Mombo hadi Lushoto ni gia ya tatu, na kwenye kona zinazokunjika kabisa ni ya pili. Injini italia kwa sauti ya juu kidogo. Iache ilie, ndiyo kazi yake hiyo. Breki iguse kwa vipindi, kaza, achia, kaza, achia, ili ngoma zipate kupumua. Na jua pikipiki yako inaingiaje gia kabla hujaondoka nayo, maana hazifanani: kuna zinazokwenda gia zote kwa kukanyaga mbele, na kuna zinazoingia ya kwanza kwa kukanyaga na zilizobaki kwa kunyanyua. Mtu aliyejifunza ya aina moja akaazimwa ya pili, siku ya kushtuka ataongeza gia akidhani anapunguza. Ile takwimu ya miezi 5 ya Hurt kwa sehemu ndiyo hii: kila pikipiki mpya inamrudisha mtu nyuma darasa moja.

Sasa lile la frii. Utawaona vijana wanaoteremka kutoka Lushoto wamezima injini, wameweka frii, kimya, wanateleza kama ndege. Watakupigia hesabu ya petroli wanayookoa na hesabu yao ni ya kweli. Wanachoacha nje ya hesabu ni kwamba wamemfukuza mfanyakazi mmoja kati ya wawili, injini, na kazi yake yote wameibebesha breki. Isitoshe hawasikiki, na mtoto anayevuka barabara milimani anatumia masikio kabla ya macho. Ukipanda nyuma ya anayefanya hivyo, mwambie awashe. Ukimwonea haya, shuka utembee.

Kona zinahitaji maneno zaidi, maana hapa watu wanaamini kona ni suala la ushujaa. Ni suala la macho na la kuamua mapema. Mwendo wote punguza kabla ya kona, ukiwa umenyooka. Ukishaanza kulala, breki isahau, shika gia na mafuta kidogo ya kuisukuma pikipiki itoke. Tazama kule unakotaka kutokea, mbali, si kwenye kingo. Pikipiki hufuata macho. Anayelikodolea macho korongo huishia korongoni, na hakuna uchawi ndani yake: mikono hufuata kichwa. Na kulaza pikipiki mwendo ukiwa umechangamka hakufanywi kwa kukunja usukani. Sukuma kidogo mkono wa kushoto mbele, italala kushoto. Sukuma wa kulia, italala kulia. Lijaribu kwenye barabara iliyonyooka kwanza. Watu wazima hulikataa jambo hili kwa dakika nzima, kisha mwili unawaambia ni kweli.

Kati ya kona mbili, ya kushoto na ya kulia, mimi naogopa zaidi ya kushoto. Sisi tunapita kushoto, hivyo kwenye kona ya kushoto wewe uko ndani, na anayekuja kwake ni kona ya kulia. Kishawishi chake ni kuikata, afupishe njia, na anapoikata anaingia kwako. Wakati huohuo kosa lako la mwanafunzi, mwendo mkubwa, linakutupa nje kuelekea kwake. Makosa mawili yanakutana kwenye mita moja ya lami. Kwenye kona ya kulia hesabu inageuka: kosa lako linakutupa kwenye mfereji au bondeni, na hatari ya mwenzako ni Fuso ya mboga ambayo kwa urefu wake lazima ijitanue kidogo ndipo ikunje. Katika hali zote mbili jibu la anayeanza ni moja: kaa upande wako wa kushoto, acha nafasi ya kutosha usije ukakanyaga kingo iliyomong'onyoka, piga honi kabla hujaona mbele, na uweze kusimama ndani ya nafasi unayoiona. Kama unachoona mbele ni mita 25, mwendo wako uwe wa kusimama ndani ya mita 25.

Hiyo ya mwisho ina bei yake. Chukua kilomita 40 kwa saa kwenye njia kavu ya vumbi. Sekunde moja ya kushtuka, kabla vidole havijabana, imekula mita 11. Kwenye tambarare, breki zilizokamuliwa vizuri zitakula kama mita 20 nyingine. Kwenye mteremko wa asilimia 10, ambao ukiacha lami huna haja ya kuutafuta, hizo 20 zinakuwa 30. Jumla mita 41, na kona nyingi za njia za vijijini hazikuonyeshi hata nusu yake. Kwa hiyo kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao vijana watakucheka nao, ndio mwendo sahihi wa sehemu kubwa ya njia hizo. Wacha wacheke.

Mvua ikinyesha hesabu zote hizi zinafutwa. Udongo mwekundu wa Usambara ukiloa juu tu, dakika kumi za kwanza, ni mbaya kuliko ukiwa matope kamili, kwa sababu chini bado ni mgumu na juu pana utando. Tairi halina cha kung'ata. Masika, Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka, mvua pia huangusha mawe na vifusi kwenye barabara ya Mombo, na kifusi hakina ratiba. Anayeanza hana sababu ya kuendesha mvuani. Asubiri chini ya paa la duka. Kila kijiji kina duka lenye baraza. Ikibidi kabisa, miguu yote miwili nje kidogo, gia ya kwanza, breki ya mbele kwa kidole kimoja, na asione aibu kushuka na kuisukuma pikipiki pembeni huku injini inanguruma.

Ukungu wa msitu wa Magamba ni habari nyingine. Juni hadi Agosti unaweza kuondoka Lushoto kuna jua na ukaingia msituni huoni tairi lako la mbele. Kioo cha kofia kinaloa ndani na nje. Kinachowashangaza wengi ni vidole: baridi ya Magamba asubuhi inavifanya vipoteze hisia, na vidole visivyohisi haviwezi kukamua breki, vinaweza kubana tu au kutobana. Glovu ni kifaa cha breki. Gulioni kwenye mitumba zinapatikana, za ngozi au za sufu nzito, na ukichelewa zimeshachukuliwa na wapasua mbao.

Kupanda nako kuna somo moja, la kuondoka katikati ya mlima. Unasimama kwa ajili ya ng'ombe, mbele panapanda, nyuma yako kuna Noah imejaa. Mtu mzima hapa huingiwa na hofu kuliko penginepo pote. Breki ya kukushikilia hapa ni ya nyuma, kwa mguu wa kulia, maana uzito sasa uko nyuma. Mguu wa kushoto ndio ulio chini. Gia ya kwanza iwe imeshaingia kabla mguu huo haujagusa ardhi. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka usikie pikipiki imeinama kutaka kwenda, ndipo mguu wa kulia uachie. Injini ikizimika, kaba mguu, pumua, anza tena. Wa Noah atasubiri. Na usifunge gunia la viazi nyuma kabisa ya keria ukitarajia kupanda nalo Bumbuli: likivuka ekseli ya nyuma, linanyanyua tairi la mbele, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya kutisha.

Abiria, kwa miezi ya mwanzo, hapana. Si mke, si mtoto, si mchungaji aliyekuomba lifti. Abiria anayekaa upande, kama akina mama wengi wanavyokaa, anavuta uzito pembeni, na kanga au kitenge kikiingia kwenye cheni au spoki kinamaliza safari kabla hujajua. Akina mama wanaojifunza wenyewe nawashauri suruali chini ya gauni bila mjadala; na wasikubali kuuziwa pikipiki ambayo hawafiki chini kwa nyayo zote mbili. Kwa anayeanza, pikipiki ya CC 100 au 125 inatosha milimani. Mlima utakupunguzia nguvu kidogo, kama sehemu moja ya kumi ukifika Lushoto, kwa sababu hewa ni nyepesi, lakini huko juu hakuna mahali pa kuitumia nguvu ya zaidi.

Kofia ngumu ifungwe mkanda. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008, yaliyokusanya tafiti 61, yalikadiria kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia ya kuvaliwa juu ya kitambaa bila mkanda haimo kwenye hesabu hiyo. Itafika chini kabla yako. Viatu vifunike vifundo. Buti za mvua zinafaa kwenye matope lakini zinakuziba usihisi pedali, hivyo fanya mazoezi ukiwa umezivaa, sio kandambili leo na buti kesho.

Leseni ni kazi ya siku chache ukishakuwa na cheti cha mafunzo: polisi wa usalama barabarani wanakupima, TRA inatoa. Daraja A ni la pikipiki zinazozidi CC 125, na A1 ni la zile za chini ya hapo. Ukijua kwamba ofisi inaweza kukubadilishia pikipiki, omba A mapema. Bima angalau ya mtu wa tatu. Mwenye leseni ya gari asijidanganye kwamba inatosha. Kampuni ya bima haitajidanganya.

Na sasa kwa waajiri, halmashauri, makanisa na miradi. Mnanunua pikipiki, mnaweka bajeti ya petroli, ya matairi, ya kuchora nembo kwenye tanki. Mafunzo ya anayekabidhiwa mara nyingi hayana kifungu, kwa sababu inadhaniwa kila mtu mzima anajua pikipiki au atajifunza kijiweni. Siku mbili za mkufunzi tambarare na siku moja ya kuteremka naye kutoka Lushoto hadi Mombo, mkufunzi akiwa nyuma kwenye pikipiki nyingine, hazifikii gharama ya bomba la mbele lililopinda, achilia mbali mfupa. Fomu za makabidhiano nilizowahi kuziona zina mstari wa namba ya injini, wa chesisi, wa kofia, wa spana za kwenye boksi, na sahihi ya mpokeaji. Ongezeni mstari mmoja juu ya sahihi: amepimwa kusimama kwenye mteremko na nani, wapi, tarehe gani. Mstari huo ukiwa wazi, funguo zisitoke.